Saa 15 barabarani na bado naambiwa tija ndogo: maswali yenu kuhusu takwimu za kazi

Toleo lililopita tuligusia kidogo mambo ya takwimu za ajira, saa za kazi na tija, na meseji zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Nimechagua chache ambazo naona zinagusa watu wengi, nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu wenyewe. Wengine mtanivumilia mpaka toleo lijalo.

Habari za kazi kaka mhariri. Mi ni dereva boda hapa Mbagala, natoka nyumbani saa 11 alfajiri narudi saa 3 usiku, kula na kupumzika labda lisaa limoja tu. Juzi nasikia kwenye redio mtaalamu anasema tija ya mfanyakazi wa Tanzania ipo chini sana ukilinganisha na nchi zilizoendelea. Mi nilivyoelewa anasema sisi wavivu, na iliniuma kwakweli. Hao wanaopima walikuja lini kijiweni kwetu? – Dereva, Mbagala

Pole na barabara kaka. Hakuna kipimo cha uvivu hapo, na hakuna kipimo cha jasho. Tija ni hesabu ya kugawanya tu, juu unaweka thamani iliyozalishwa, chini unaweka saa zilizotumika, ukigawa umemaliza.

Tuchukue siku yako moja. Tuseme umekusanya 36,000, mafuta na oil na vitu vya fundi vimekula 12,000, inabaki 24,000. Hiyo 24,000 ndo thamani uliyoongeza, igawe kwa saa 15 unapata 1,600 kwa saa, hiyo ndo tija yako. Angalia vizuri hapo sijatoa hesabu ya bosi. Ile 10,000 unayompelekea mwenye pikipiki jioni imezalishwa na wewe, ipo ndani ya tija yako, ila kwenye mgao imeenda kwake kwa sababu chombo ni chake. Ukishaitoa unabaki na 14,000, yaani kama 933 kwa saa, na hicho ni kipato chako. Tija na kipato ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku, tija inaweza kupanda mwaka mzima na mfuko wa mfanyakazi ukabaki vile vile kwa sababu mgao haujabadilika.

Sasa kwenye hizo saa 15 abiria umembeba saa ngapi? Nadhani hazifiki hata nane, zilizobaki upo kijiweni umekaa juu ya pikipiki unasubiri. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi unaoitishwa na ILO, shirika la kazi duniani, ulikubaliana mwaka 2008 kwamba muda wa kusubiri ukiwa kazini ni saa za kazi, na mi naona ni haki kabisa, huwezi kwenda kulala wala kwenda shamba wakati unasubiri abiria. Ila maana yake ni kwamba namba ya chini inakuwa kubwa. Wakiongezeka vijana kumi hapo kijiweni na abiria ni wale wale, tija ya kila mmoja wenu inashuka hapo hapo, na hakuna hata mmoja aliyelala.

Nchi nzima ni hivyo hivyo. Takwimu za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni zilizoendelea, za mwaka 2022 zinaonyesha mfanyakazi wa Mexico alifanya kazi wastani wa saa 2,226 kwa mwaka, wa Ujerumani saa 1,341. Tofauti ni saa 885, kwa wiki ya saa 40 hiyo ni zaidi ya wiki 22 nzima. Na bado saa moja ya Mjerumani inatoa thamani zaidi ya mara tatu ya saa ya mtu wa Mexico, kwa sababu ya mashine aliyoishika, umeme usiokatika, barabara, reli, aina ya bidhaa anayotengeneza na bei inayopata sokoni (na pia Ujerumani watu wengi, hasa akina mama, wanafanya kazi nusu siku, hiyo nayo inashusha wastani wa saa). Mtu wa Mexico anafanya kazi kuliko Mjerumani na anazalisha kidogo, utamwitaje mvivu?

Alafu hata namba ya juu inaweza kuruka bila mtu kunyanyua kitu. Ireland mwaka 2015 pato la taifa lilitangazwa kukua kwa asilimia 26 ndani ya mwaka mmoja tu. Wafanyakazi wa Ireland hawakuongeza robo ya nguvu zao mwaka ule, kilichotokea ni kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilihamishia mali zao, hasa haki miliki, kwenye vitabu vya Ireland, thamani ikasomeka kule. Ofisi ya takwimu ya kule ikabidi itengeneze kipimo kingine cha pato ili watu wao waone uchumi wao wenyewe unaendaje. Kwahiyo siku nyingine ukimsikia mtaalamu anataja tija, muulize amegawa nini kwa nini, alafu muulize kwa nini abiria wa Mbagala hawaongezeki kama pikipiki zinavyoongezeka. Hilo swali la pili ndo lenye kazi na halimhusu dereva.

Mambo vipi broo. Nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, nakaa kwa mjomba Nyegezi, Mwanza. Asubuhi namsaidia dukani, hanilipi ila nakula na kulala kwake. Alikuja dada mmoja wa takwimu akaniuliza maswali kibao, mwishoni nikachungulia kishikwambi chake naona nimewekwa kwenye wenye kazi. Kazi gani mimi niliyonayo? Ndo maana wanasema ukosefu wa ajira ni asilimia kidogo! – Kijana, Mwanza

Poa mdogo wangu. Yule dada mdadisi alifuata dodoso lake sawasawa, na wewe una haki ya kushangaa.

Dodoso linauliza siku 7 zilizopita. Kama katika hizo siku ulifanya hata saa moja ya kazi ya malipo au ya faida, au ulisaidia biashara ya familia bila malipo, unaingia kundi la wenye ajira. Saa moja tu. Kanuni hiyo ilipitishwa na wanatakwimu wa kazi Geneva mwaka 1982 na ina sababu yake ya msingi, kila saa iliyochangia pato la taifa lazima iwe na mtu wake kwenye takwimu za ajira, la sivyo hesabu ya kugawa niliyomwonyesha kaka wa Mbagala haiwezi kukaa sawa. Sukari uliyopima dukani kwa mjomba ipo kwenye pato la taifa, basi na wewe inabidi uwepo mahali.

Na ili uandikwe huna ajira inatakiwa mambo matatu yakutane, hukufanya hata hiyo saa moja, upo tayari kuanza kazi, na umeitafuta. Hapo kwenye kutafuta ndo vijana wengi wanapotelea, maana aliyezunguka na bahasha mwaka mzima akachoka akakaa nyumbani, kipimo cha kimataifa kinamtoa kabisa kwenye nguvu kazi, hayupo kwa wenye ajira wala kwa wasio na ajira. NBS, ofisi yetu ya taifa ya takwimu, kwa kuliona hilo huwa wanatoa pia kiwango kwa tafsiri ya kitaifa ambayo haimlazimishi mtu awe ametafuta, ndo maana kile cha kitaifa kinakuwa kikubwa kuliko cha kimataifa. Ukishika ripoti ya utafiti wa nguvu kazi wa 2020/21 usisome ukurasa wa mwanzo ukafunga, nenda kwenye majedwali ya wenye ajira pungufu, hao wanaofanya saa chache na wanataka zaidi, na ya hali ya ajira, nani analipwa mshahara, nani anajiajiri, nani anasaidia familia bure. Wewe upo kwenye hilo la mwisho, na mimi naliona ndo jedwali linaloongea ukweli wa mtaa kuliko ile namba moja ya asilimia inayosomwa kwenye taarifa ya habari.

Tafsiri ikibadilika namba inabadilika vibaya mno. Rwanda walipoanza kutumia tafsiri mpya iliyopitishwa 2013 na mkutano ule ule wa wanatakwimu wa kazi, ambayo mtu anayelima chakula cha nyumbani kwake tu hahesabiwi tena kama mwenye ajira, kiwango chao cha ukosefu wa ajira kilitoka asilimia chache kikaenda juu ya 10, na mwaka 2022 kikapita 20. Watu ni wale wale na migomba ni ile ile. Afrika Kusini nao robo ya kwanza ya 2025 walikuwa na kiwango rasmi cha asilimia 32.9, ukiweka na waliokata tamaa ya kutafuta inakuwa 43.1, alafu mwaka huo huo bosi wa benki ya Capitec, Gerrie Fourie, akasema kiwango cha kweli ni kama asilimia 10 kwa sababu wanaojiajiri mitaani hawahesabiwi. Stats SA, ofisi ya takwimu ya kule, wakamjibu kwamba wanahesabiwa. Mi nipo na Stats SA hapo, maana wewe mwenyewe wa Nyegezi ni shahidi kwamba dodoso la namna hii linamkamata mpaka anayesaidia dukani bila senti, tatizo la takwimu hizi kwa kawaida ni kuhesabu kazi dhaifu kama kazi kamili.

Na ukisikia ajira mpya zimetengenezwa, uliza za aina gani. Kenya mwaka 2024 KNBS, ofisi yao ya takwimu, walihesabu ajira mpya 782,300, kati ya hizo 703,700 ni za sekta isiyo rasmi, jua kali na vibanda na vibarua. Na hesabu yao hiyo haigusi wakulima wadogo wala wafugaji.

Salaam aleikum mhariri. Mimi ni mama wa watoto wanne, Kilifi. Walikuja watu wa serikali kuuliza mambo ya kazi, mimi nilikuwa nimeenda kuteka maji, wakamuuliza mume wangu. Akawaambia mke wangu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu. Mimi naamka saa tisa usiku nikande unga wa mahamri, kukicha nauza, kisha ni shamba la mihogo, mbuzi, maji, na jioni jikoni. Hizo takwimu si za uongo? – Mama, Kilifi

Wa aleikum salaam mama, na pole sana. Umeniuliza kitu ambacho kimeshafanyiwa majaribio, tena hapa hapa kwetu.

Kati ya 2007 na 2008 watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao walifanya jaribio Tanzania, wakagawa watu kwa bahati nasibu, wengine wakaulizwa wenyewe, wengine wakaulizwa kupitia mtu mwingine wa nyumba, alafu dodoso nalo likawa la aina mbili, refu lenye maswali ya kuchimba, je wiki hii ulilima, je uliuza chochote, je ulisaidia biashara ya nyumbani, na fupi lisilo na hayo maswali. Mtu angetegemea kwamba mume akimjibia mke ndo kazi ya mke inapotea. Haikuwa hivyo, takwimu za wanawake hazikubadilika kwa kujibiwa na mtu mwingine, waliopotea walikuwa wanaume, kazi yao ya shamba haikutajwa na aliyewajibia. Wanawake walipotezwa na dodoso fupi. Ukimuuliza mtu kwa ujumla tu kama anafanya kazi, mama anayelima na kuuza mahamri anaweza kusema mwenyewe kwa mdomo wake kwamba yeye ni wa nyumbani, ila ukimuuliza je wiki hii uliuza chochote anakutajia mpaka bei.

Kwahiyo mumeo alikosea mama, lakini nawauliza zaidi waliomhoji, kwa nini hawakuchimba. Na wakija tena usikubali kujibiwa, waambie mahamri ni biashara na utaje saa zake kuanzia ile saa tisa ya kukanda, sio kuanzia ndoo inapofika barabarani.

Kuna sehemu nyingine ya siku yako ambayo hata ukihojiwa vizuri haitaingia kwenye tija ya taifa. Mahamri unayouza yanaingia kwenye pato, mihogo mnayokula inaingia, hata kuteka maji na kuokota kuni kwa kanuni za hesabu za taifa ni uzalishaji. Kupika, kufua, kuogesha watoto, kuuguza mzee, hivyo havimo kabisa, akifanya mfanyakazi wa nyumbani kwa mshahara vinahesabiwa, ukifanya wewe hapana. Mi hili halijawahi kuniingia akilini. Kinachosaidia ni utafiti wa matumizi ya muda, na Kenya waliufanya mwaka 2021: wanawake wa miaka 15 na kuendelea walitumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na malezi bila malipo, wanaume asilimia 3.6. Geuza hiyo kuwa saa, ni kama saa nne na nusu kwa siku dhidi ya dakika zisizofika sitini. Kila siku mama, Jumapili na sikukuu zimo.

Shikamoo. Nasoma uchumi Dodoma, naandika tasnifu kuhusu tija ya kilimo. Nimegawa pato la kilimo kwa idadi ya wakulima, nikapata mkulima anazalisha kidogo mno kuliko mtu wa sekta nyingine. Supavaiza kaniambia nirudie kwa saa. Saa nazitoa wapi na zina tofauti gani? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu. Supavaiza wako anakutakia mema, msikilize.

Karibu theluthi mbili ya wenye ajira nchini wapo kwenye kilimo na kilimo kinatoa zaidi kidogo ya robo ya pato la taifa, ukigawa kwa vichwa lazima mkulima aonekane yupo nyuma mara nyingi. Ila mkulima hayupo shambani mwaka mzima, mvua zikiisha kazi zinapungua. Mtafiti Ellen McCullough mwaka 2017 alitoa utafiti uliotumia takwimu za kaya za Ethiopia, Malawi, Tanzania na Uganda, na pengo lile kubwa la kwa kichwa linapungua sana ukihesabu kwa saa. Maana yake shida kubwa ni kwamba saa za kazi zenyewe hazipatikani mwaka mzima, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kusema mkulima hajui kulima. Sera yake nayo ni tofauti, umwagiliaji kwa mfano unaongeza saa, semina haziongezi.

Kuhusu kuzipata hizo saa, kuwa makini mno. Mwaka 2014 mtafiti Vellore Arthi na wenzake walifuatilia kaya kama 850 mkoa wa Mara kwenye msimu wa masika. Kuna waliotembelewa kila wiki, kuna waliopigiwa simu kila wiki, na kuna walioachwa mpaka msimu umeisha ndo wakaulizwa mlifanya kazi saa ngapi. Walioulizwa mwishoni walitaja saa nyingi mpaka kama mara nne ya waliofuatiliwa kila wiki, kwa kila mtu kwa kila shamba! Hawakudanganya, jaribu wewe mwenyewe kukumbuka palizi ya miezi mitano iliyopita ilikuchukua saa ngapi, utachukua siku ile ndefu unayoikumbuka utazidisha. Na cha ajabu ukijumlisha kaya nzima jumla zinakaribiana, kwa sababu hao hao wa mwisho wa msimu walisahau mashamba madogo na walisahau baadhi ya watu waliolima, makosa mawili yakafutana. Kwahiyo kama unatumia data za kaya nzima una nafuu, ukishuka kwa mtu mmoja mmoja au shamba moja moja andika wazi kwenye tasnifu kwamba saa ni za kukumbuka. Anza na data za National Panel Survey, utafiti wa NBS unaorudi kwa kaya zile zile, zinapakuliwa bure na zina saa za kazi ndani yake.

Kaka nafanya kazi kiwandani Dar, siku 6 kwa wiki, naingia saa 1 asubuhi natoka saa 1 jioni, chakula lisaa limoja. Kwenye salary slip hamna ovataimu. Sheria inasemaje, na je takwimu za saa za kazi zinatuona sisi? – Mfanyakazi, Dar es Salaam

Kwa Bara sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Wewe ukitoa chakula una saa 11 mara siku 6, ni 66. Zimezidi 21 kila wiki, kwa wiki nne ni 84, wakati sheria inaruhusu ovataimu isiyozidi 50 kwa wiki nne, tena kwa makubaliano, na kila saa ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kupata mshahara wa saa moja gawa wa mwezi kwa 4.333 alafu kwa 45, ni sawa na kugawa kwa 195. Mfano msingi ni 390,000, saa moja ni 2,000, ovataimu ni 3,000, kwa saa 84 ni 252,000 ambazo hazipo kwenye hiyo karatasi. Wakikuambia kuna makubaliano ya kubana wiki, yaani saa nyingi kwa siku ila siku chache, omba kuyaona, yanatakiwa yawe ya maandishi na hayawezi kuvuka siku 5 kwa wiki.

Takwimu zinawaona kama mdadisi amekuja nyumbani akakuuliza wiki iliyopita ulifanya saa ngapi, hapo 66 inaandikwa. Zikichukuliwa kwenye karatasi za mwajiri inaandikwa 45, na kiwanda chenu kinasomeka kina tija nzuri kwa kila saa, kwa sababu saa 21 za kila mmoja wenu zimefichwa, hazipo kwenye ile namba ya chini ya kugawia. Andikeni wenyewe saa za kuingia na kutoka kila siku kwenye daftari, muanze na chama cha wafanyakazi kama kipo, ikishindikana nendeni CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi ya migogoro ya kazi. Madai ya namna hii yanatakiwa yafike pale ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, msizipitishe.